Wazee, wageni au mahakama: njia tatu za Somalia zikilinganishwa

Mjadala wa Somalia, uwe wa Eastleigh, Kariakoo au Minneapolis, haukawii kugawanyika makundi matatu. Wa kwanza atasema waachieni wazee wa koo wakae chini wayamalize, kama walivyofanya wenzao wa Hargeisa, Somaliland. Wa pili atamkatiza: bila jeshi la nje na serikali moja inayotambuliwa na dunia, nchi italiwa na waasi. Wa tatu, kwa sauti ya chini kidogo, atakumbusha mwaka 2006, Mahakama za Kiislamu ziliposhika Mogadishu: Wasomali karibu wote ni Waislamu, kinachowagawa ni ukoo, basi ni sharia tu itakayowakusanya. Kila mmoja ana mfano wake, na kila mmoja anauonyesha upande mmoja tu.

Hapa nimeziweka njia hizo sambamba ili anayetaka kushika msimamo ajue anashika nini. Kipimo changu nakitaja mapema. Sizipimi kwa mwenye watu wengi na bunduki nyingi, maana huyo hupona chini ya utawala wowote. Nazipima kwa mtu wa nusu.

Mtu wa nusu ni nani

Mkutano wa amani wa Arta, Djibouti, mwaka 2000 uligawa viti vya bunge la Somalia baina ya koo kwa hesabu ya nne na nusu. Darod, Hawiye, Dir (pamoja na Isaaq) na Digil-Mirifle walipata fungu moja moja kamili. Waliobaki wote wakaambiwa wagawane nusu fungu. Katika bunge la viti 275, hiyo ni viti 61 kwa kila kundi kubwa na 31 kwa hao wengine kwa ujumla wao. Hakuna sensa iliyotumika kuipata nusu hiyo. Ni makadirio ya waliokuwa na nguvu kuhusu wasiokuwa nayo.

Ndani ya nusu hiyo wamo Wabarawa wanaosema Chimiini, lahaja ya Kiswahili, Wabajuni wa Kismayo na visiwa vya Chula na Koyama, Reer Hamar wa Mogadishu ya kale, Wagaboye, na wakulima wa bonde la Juba wakiwemo Wazigua ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanganyika karne ya 19. Kwa msomaji wa Kiswahili hawa ni jamaa. Vita vilipoipitia Barawa mwaka 1991 na 1992, wenye silaha wa upande huu na ule waliupora mji kwa zamu, na wengi wakapanda majahazi kuelekea Mombasa. Wazigua waliofika Tanga walipewa makazi Chogo, Handeni, na wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Hawakufukuzwa na itikadi yoyote. Walifukuzwa kwa sababu hawakuwa na ukoo wenye wanamgambo wa kuwalipizia kisasi, na kila mporaji alilijua hilo.

Njia ya Borama

Rais wa kijeshi, Siad Barre, alikimbia Mogadishu Januari 1991. Mei mwaka huohuo, mjini Burao, viongozi wa kaskazini walitangaza Somaliland imejitenga. Wanaokumbuka mazuri tu husahau kwamba mwanzo wake haukuwa wa amani: waliokuwa wapiganaji wa SNM, kundi la waasi wa kaskazini lililompiga vita Barre, waligeukiana wenyewe mwaka 1992, wakapigania hadi bandari ya Berbera. Kilichowatoa humo ni mkutano wa Borama, Januari hadi Mei 1993.

Borama ni mji wa Gadabuursi, ukoo ambao katika vita vya miaka ya 1980 kwa sehemu kubwa ulikuwa upande wa Barre, dhidi ya Isaaq walioiunda SNM. Waliopigwa mabomu Hargeisa mwaka 1988 walikwenda kufanya mkutano wa amani nyumbani kwa wale waliokuwa wamesimama upande wa pili. Wazee waliketi miezi, wakila kwa michango ya wenyeji na wafanyabiashara, wakijadili mpaka waafikiane badala ya kuhesabu kura za haraka. Walitoka na rais, Mohamed Haji Ibrahim Egal, na mabaraza mawili, mojawapo likiwa Guurti, baraza la wazee.

Matunda yake yanaonekana. Egal alipofariki mwaka 2002, makamu wake Dahir Riyale Kahin alikula kiapo siku hiyohiyo, ingawa ni Mgadabuursi katika nchi ya Isaaq walio wengi, na aliwahi kuwa ofisa usalama wa Barre. Mwaka 2003 Riyale alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 80 katika karibu nusu milioni. Mpinzani wake, Silanyo, alilalamika, akaenda mahakamani, akakubali. Mwaka 2010 Silanyo akashinda na Riyale akaondoka. Novemba 2024 Muse Bihi naye alishindwa na Abdirahman Irro, akakabidhi. Nchi ngapi za ukanda wetu zina rekodi hiyo? Sitaki kuzitaja, tunajuana.

Upande wa pili sasa. Wajumbe wa Guurti hawajawahi kuchaguliwa na wananchi tangu 1993, na baraza hilo limekuwa likijiongezea muda na kuwaongezea marais. Kiti cha mzee aliyefariki hurithiwa na mtu wa familia yake. Katika uchaguzi wa wabunge wa Mei 2021, wanawake 13 waligombea viti 82 na hakupita hata mmoja. Katika uchaguzi uleule, lakini, Mgaboye aitwaye Barkhad Batuun alipata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote nchini. Kwa hiyo mtu wa nusu anaweza kupenya kule, akipata kura nje ya ukoo wake. Mwanamke bado, kwa sababu ukoo hauna uhakika kama kiti chake utakihesabu kuwa chao au cha ukoo wa mume.

Halafu Las Anod, mji wa mashariki ya Somaliland. Wadhulbahante, ukoo wa huko, walikuwa Burao na walikuwa Borama, lakini miaka ilivyokwenda wengi wao waliona nchi inaendeshwa na wengine. Vita vilipolipuka Februari 2023, Hargeisa iliupiga mji kwa mizinga kwa miezi, watu zaidi ya laki moja na nusu wakahama, na Agosti jeshi la Somaliland likatimuliwa kambini Goojacade. Maafikiano ya wazee yalidumu miaka 30 mahali yalipoendelea kuhuishwa. Mahali yalipoachwa, bunduki zilirudi.

Na mfumo wenyewe wa xeer, sheria ya mila inayowapa wazee mamlaka, una kasoro ambayo mashabiki wa njia hii hawaitaji. Diya, yaani fidia ya damu, ya mwanamume kwa jadi ni ngamia 100, ya mwanamke 50. Anayelipa ni ukoo, na anayeweza kudai ni ukoo. Ukiwa wa kundi dogo, unadai kwa nani na kwa nguvu ya nani? Mwanamke aliyebakwa anaweza kuona wazee wa pande mbili wakiketi, mifugo ikihamishwa kutoka zizi hili kwenda lile, na mara nyingine yeye mwenyewe akaozwa kwa aliyembaka ili amani ipatikane.

Njia ya wageni

Hii si moja, na hapa ndipo mijadala mingi inapoharibika. Mtu anasema "wageni" akimaanisha Wamarekani wa 1993, mwenzake anajibu akimaanisha Waganda wa 2007, na wote wanaona wameshinda.

Wa kwanza walikuja Desemba 1992 kulinda chakula cha wenye njaa, na kwa hilo walifaa. Umoja wa Mataifa ulipoanza kumsaka Mohamed Farah Aidid baada ya Wapakistani 24 kuuawa Juni 1993, kazi ya chakula iligeuka vita vya mjini. Oktoba waliuawa Wamarekani 18 na Wasomali mamia. Machi 1995 kila mtu alikuwa ameondoka.

Wa pili ni Ethiopia, iliyoingia Mogadishu Desemba 2006 ikiungwa mkono na Marekani kuziondoa Mahakama za Kiislamu. Kama kuna uamuzi mmoja uliolifanya Al-Shabaab kuwa jeshi, ni huo. Kabla yake walikuwa vijana wachache ndani ya muungano mpana. Baada yake wakawa wapiganaji wa kumfukuza adui wa jadi, na sadaka zikamiminika kutoka kwa Wasomali wa ughaibuni ambao sharia yao hawakuwa na haja nayo.

Wa tatu ni Umoja wa Afrika: AMISOM tangu Machi 2007, kisha ATMIS kuanzia Aprili 2022, sasa AUSSOM tangu Januari 2025. Hawa ndio wanaotuhusu zaidi. Uganda ilitangulia, Burundi ikafuata, Kenya ikavuka mpaka yenyewe Oktoba 2011 kwa operesheni ya Linda Nchi kabla ya kujiunga na wengine. Bila wanajeshi hao Al-Shabaab wasingetoka Mogadishu Agosti 2011, na serikali ingemezwa ikiwa bado imebanwa katika vitalu vichache vya mji. Hilo ni deni ambalo mwenye haki hawezi kulikana, na limelipwa kwa damu katika mashambulizi ya Al-Shabaab: Kampala Julai 2010, Westgate 2013, El Adde Januari 2016, na Garissa Aprili 2015 ambako waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi.

Ila angalia kilichojengwa nyuma ya ngao hiyo. Rais wa 2004 alichaguliwa Nairobi, baada ya mkutano ulioanzia Eldoret na kumalizikia Mbagathi, miaka miwili, wajumbe wakilala hotelini kwa fedha za wafadhili. Aliyekaa hotelini kwa posho hana haraka ya kuafikiana; wazee wa Borama walikuwa wanamalizia akiba za wenyeji wao na walilijua. Rais wa 2017 alichaguliwa ndani ya eneo la uwanja wa ndege wa Mogadishu, chini ya ulinzi wa AMISOM. Rais wa 2022 naye hukohuko. Wabunge wanaomchagua walichaguliwa na wajumbe 51 kwa kila kiti mwaka 2016, na 101 mara iliyofuata, wajumbe wenyewe wakiteuliwa kwa mkono wa wazee na wakuu wa majimbo. Kiti kikipigiwa kura na watu 101, hesabu ya kukinunua si ngumu. Viti vya nusu ndivyo vinavyonunulika kwa bei ya chini kuliko vyote, maana wenyewe hawana wa kuwatetea mbunge akishabadilishwa usiku.

Serikali hii ina jambo jema moja ambalo Borama haina: makubaliano ya uchaguzi yametaka asilimia 30 ya viti iwe ya wanawake, na katika bunge la 2016 walifika karibu robo. Shinikizo la wafadhili, ndiyo. Lakini aliyekaa kwenye kiti hajali sana kama kimeletwa na shinikizo.

Njia ya mahakama

Juni 2006 Muungano wa Mahakama za Kiislamu uliwafukuza mababe wa kivita Mogadishu. Ndani ya wiki chache vizuizi vya barabarani vikatoweka, bandari na uwanja wa ndege vikafunguliwa baada ya miaka mingi. Wakazi wa mji wanaikumbuka miezi ile sita kwa hamu, na si wote ni watu wa siasa kali. Ni watu waliotembea usiku bila kuporwa.

Lakini anayesema sharia ilifuta ukoo ajue kwamba mahakama zile zilianza kila moja kama mahakama ya ukoo fulani ndani ya Hawiye, ikimhukumu mtu wake na kugharimiwa na wafanyabiashara wake. Zilifanya kazi kwa sababu ukoo ulikuwa nyuma ya kadhi. Sheikh Sharif aliyeziongoza alikuwa rais anayeungwa mkono na mataifa yaleyale yaliyoziondoa kufikia Januari 2009.

Al-Shabaab walichukua wazo hilo na kulivua ukoo, angalau kwa nje. Hapa lazima niseme jambo lisilopendeza. Mtu wa nusu aliyeporwa shamba lake Mogadishu ana uwezekano mkubwa wa kulipata kwa kadhi wa Al-Shabaab kuliko kwenye mahakama ya serikali. Watu wanaoishi sehemu za serikali hutoka mjini kwenda kushtaki huko, kwa kuwa hukumu hutoka haraka, hongo haitakiwi, na aliyeshindwa hathubutu kukaidi. Kundi hilo limeandikisha vijana wengi wa makabila madogo ya Juba kwa kuwaambia kwamba kwao hakuna nusu.

Barabarani ni vilevile. Dereva wa lori anayetoka Mogadishu kwenda Baidoa hukuta kizuizi cha askari, kisha cha wanamgambo, kisha kingine, kila kimoja kikitaka chake na hakuna anayetambua malipo ya mwenzake. Kwa Al-Shabaab hulipa mara moja, kiwango kinachojulikana kwa aina ya mzigo, na hupewa stakabadhi atakayoionyesha mbele.

Sasa geuza karatasi. Stakabadhi hiyo haina pa kulalamikia. Anayekataa kulipa hupigiwa simu mara moja au mbili, kisha hufuatwa. Mwaka 2011, njaa ilipoua watu wanaokadiriwa robo milioni, wao ndio walioshika sehemu kubwa ya eneo la njaa na ndio walioyazuia mashirika ya misaada. Oktoba 14, 2017, lori lililolipuka makutano ya Zoobe, Mogadishu, liliua watu karibu 600, karibu wote Wasomali. Katika miji ya pwani walibomoa makaburi ya masheikh wa Kisufi, mapokeo yaleyale ya Kisufi yaliyoenezwa Zanzibar na bara na Sheikh Uways wa Barawa. Na mkulima wa Juba aliyeambiwa kwamba kwao hakuna nusu hutakiwa kutoa mwanawe na mavuno yake bila kuulizwa.

Mwaka 2022 walipowabana wafugaji wa Hiiraan kupita kiasi, wakachoma nyumba na kulipua visima, walioinuka kwanza walikuwa ma'awisley, wanaume wenye vikoi kiunoni na bunduki za ukoo wao. Jeshi la serikali lilifuata nyuma yao. Miji mingi ilikombolewa kwa miezi michache, ikiwemo Adan Yabaal. Serikali ikashindwa kuweka polisi na hakimu kule, na Aprili 2025 Adan Yabaal ikarudi kwa Al-Shabaab.

Nani analipa

Swali hili peke yake linatenganisha njia tatu kuliko mengine yote. Hargeisa imeishi zaidi kwa ushuru wa Berbera, hasa wa mbuzi na kondoo wanaopelekwa Saudia, kwa kuwa kutotambuliwa kuliifungia milango ya mikopo. Egal aliwalipa wapiganaji waweke silaha chini kwa fedha alizokopa kwa wafanyabiashara, na wafanyabiashara wakataka usalama uwepo ili warudishiwe. Zaidi ya nusu ya bajeti ya Mogadishu imetoka kwa wafadhili. Askari wa AMISOM alitengewa dola 1,028 kwa mwezi na Umoja wa Ulaya, serikali yake ikikata 200. Mwenzake Msomali alipata sehemu ndogo ya hiyo, tena kwa kuchelewa. Al-Shabaab, kwa makadirio ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, hukusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kutoka kwa Wasomali wenyewe.

Anayelipwa na mwananchi kwa hiari humsikiliza mwananchi, anayelipwa na mfadhili humsikiliza mfadhili, na anayelipwa kwa woga hamsikilizi mtu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ni watu wa aina tatu tofauti. Ahmed Madobe alikuwa gavana wa Kismayo chini ya Mahakama za Kiislamu mwaka 2006, akajeruhiwa na kushikwa na Waethiopia, akarudi Kismayo mwaka 2012 bega kwa bega na jeshi la Kenya, na tangu 2013 ni rais wa Jubaland kwa mizani ya koo. Novemba 2024 alichaguliwa tena kinyume na matakwa ya Mogadishu, na mwezi uliofuata majeshi ya pande mbili yakapigana Ras Kamboni.

Ukinitaka nichague

Nachagua Borama, kwa masharti mawili. La kwanza, mauaji na ubakaji visiwe mali ya wazee. Viende kwa hakimu, na mtu wa nusu ashtaki kwa jina lake bila kutafuta ukoo wa kumdhamini. La pili, mwenye ardhi awe mezani kama fungu kamili linapozungumzwa jambo la ardhi yake: Mbajuni kwa Kismayo na visiwa, Mzigua kwa mashamba ya Juba.

Kuna wanaosema dawa ni kuruka moja kwa moja hadi mtu mmoja kura moja. Napenda wazo, lakini Somalia ililijaribu. Machi 1969 vyama zaidi ya 60 viligombea viti 123, kila tawi la ukoo na chama chake, na mara baada ya matokeo karibu wabunge wote wakahamia chama tawala. Oktoba rais Shermarke akauawa na wanajeshi wakachukua nchi. Kura ya madiwani ya Mogadishu ya Desemba 2025, ya kwanza ya moja kwa moja tangu wakati ule, ilisusiwa na wapinzani wakuu. Kura inahesabu makubaliano yaliyopo, haiyatengenezi.

Kwa njia ya wageni, ninaikubali kama mlinzi wa barabara na bandari kwa muda uliotajwa, siyo kama mwenye ukumbi wa uchaguzi. Mkenya, Mganda au Mrundi anayebishana iwapo wanajeshi warudi nyumbani angeuliza kwanza wanalinda nini: mji ambao wenyeji wamekwishaafikiana nani aushike, au ukanda wa kujikinga ambao anayeushika aliteuliwa na jirani. Katika hali ya kwanza wakae mpaka polisi wa huko wawe tayari. Katika ya pili, mwaka mmoja zaidi hautabadilisha kitu.

Na anayebaki na njia ya tatu kwa sababu ya kadhi asiyekula hongo, namwelewa kuliko anavyodhani. Ila aniambie kadhi huyo huondolewa vipi siku akikosea.